Njia ya Mviringo na Mzee Aliyenisindikiza

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nacheka peke yangu ndani ya gari, mpaka dereva wa gari la kando ananitazama akidhani nimerukwa na akili. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa Mei, hapa hapa Saint Paul, wakati bado nilikuwa kijana mwenye kiuno chembamba na nywele nyeusi kichwa kizima. Siku hiyo nilimtembeza mzee wa watu bondeni mpaka akatoka malengelenge miguuni, na sababu ilikuwa moja tu: nilimtaka binti yake na sikujua jinsi ya kusema.

Nakusimulia kisa hiki kwa sababu niliwasikia wewe na wenzako juzi, tulipowapeleka vijana wa kanisa kutembea ile njia ya mtoni. Mlianza kunung'unika tangu kwenye maegesho. Mmoja wenu akauliza, tena kwa Kiingereza, maana Kiswahili mnakisikia lakini hamtaki kukijibu, kuna faida gani kutembea saa nzima halafu mtu atokee pale pale alipoacha gari. Hayo yalikuwa maneno yangu mwenyewe zamani, na sikutaka mjue.

Mimi ni mtu wa Kisii. Kwetu kila njia ina shughuli yake. Hii inakwenda mtoni, ile inakwenda kwenye mashine ya kusaga mahindi, nyingine inakwenda kanisani, na ile nyembamba inayopita nyuma ya migomba inakwenda kwa mtu ambaye hutaki ijulikane umekwenda kwake. Ukikutana na mtu unamuuliza anakwenda wapi, naye anakujibu. Sasa nilipofika nchi hii nikakuta watu wazima, wenye kazi zao na akili zao, wametengeneza njia inayoteremka bondeni, inafuata mto, inapanda tena, halafu inarudi ilikotoka. Wameiwekea vibao na mabenchi. Watu wanavaa viatu vya bei, wanaizunguka, wanafika walipoanzia, wanafurahi, wanaingia kwenye magari na kwenda zao. Nilipompigia mama simu nikamweleza, aliniambia nipunguze zamu za usiku.

Njia yenyewe unaijua. Inaanzia nyuma ya yale majengo ya ghorofa, inateremka kwenye mialoni mpaka ukingoni mwa mto Mississippi, inapita chini ya daraja, kisha inapanda taratibu na kutokea kwenye ule uwanja mpana ambao si wa mtu mmoja bali wa mtaa mzima. Pale watoto hurusha visahani vya plastiki, Wazungu hulala kwenye majani kuota jua, na pembeni kuna vishamba ambapo akina mama wa Kongo hupanda lengalenga, ule mchicha wao. Kutoka uwanjani ni mwendo mfupi tu kurudi kwenye majengo. Miaka hiyo walikaa humo watu wengi wa Kongo mashariki waliopitia kambi za Tanzania, na humo ndimo alimokaa Faida na wazazi wake.

Faida nilimjulia kazini. Tulikuwa katika nyumba moja ya kutunzia wazee kule Plymouth, mimi zamu ya usiku, yeye jikoni asubuhi. Nikimaliza zamu nilikuwa nachelewa kuondoka makusudi, nakunywa chai nisiyoitaka, ili tu nimwone akiingia. Alikuwa na ulimi mkali na kicheko cha kujiachia. Tukazoeana, tukapendana, na mambo yakawa yanakwenda vizuri mpaka asubuhi moja aliponiambia kwamba wanahama. Mjomba wake alikuwa amepata kazi katika kiwanda cha nyama kule Iowa, naye alikuwa amemwita baba yake Faida waende wote. Gari la kuhamia lilikuwa limeshapangwa kuja wiki inayofuata.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Mimi naenda nao. Mama hajui Kiingereza hata kidogo, baba anajua cha kusalimia. Nani atawapeleka kwa daktari? Ukitaka nibaki, mimi niko tayari. Lakini sibaki hivi hivi tu. Ongea na baba."

Nilikwenda kwa binamu yangu Mogaka, aliyekuwa akikaa Maple Grove na kujiona mtaalamu wa kila jambo kwa kuwa alinitangulia kufika. Nilitaka anishauri niwatafute wazee gani wa kunipeleka kumposa Faida. Alicheka mpaka akaweka chini kikombe.

"Bro, hapa ni majuu, si nyumbani," akaniambia. "Wazee wa nini? Unaenda, unakaa na huyo mzee, unamwambia direct. Man to man. Ukianza story za wazee, utakuwa bado uko hapo Krismasi, na dame ameshaenda Iowa."

Nami kwa kuwa nilikuwa na haraka, na kwa kuwa ushauri wake ulinipunguzia kazi, nikauchukua.

Siku ya siku nikavaa shati la kupigwa pasi, nikaliacha gari langu kule uwanjani, maana maegesho ya majengo yao yalikuwa ya wapangaji tu. Lilikuwa gari kuukuu la kijivu lenye mlango mmoja mwekundu, na kila mtu aliyenijua alilijua. Nilipofika walinipokea vizuri kupita kiasi. Sebule ilikuwa imejaa maboksi ya kuhamia, na baba yake Faida, ambaye sote tulimwita Papa Faida, akakalia moja ili mimi nikae kwenye kiti. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, mpole wa sauti, aliyewahi kufundisha shule kule Fizi, kwao Kongo. Mama Faida akaleta bugali, sombe, yaani kisamvu, na ndagala, wale samaki wadogo ambao sisi tunawaita omena. Tukala. Tukazungumza habari za baridi, tukazungumza habari za mchungaji, tukarudia za baridi. Faida alikuwa akipita na sahani, na kila akipita ananikanyaga mguu.

Lakini mimi nilikuwa na mpango wangu. Unajua sisi tulivyo: neno zito halisemwi mbele ya sahani. Mtu atakutembelea kutwa nzima akizungumzia mvua, na jambo lililomleta utalisikia unapomsindikiza, mkiwa mmeshaagana mara mbili. Kwa hiyo niliamua kungoja nisindikizwe.

Na kusindikiza kuna adabu yake, nawe isikilize vizuri kwa sababu nyinyi mnamsindikiza mgeni mpaka mlango wa lifti. Mwenyeji hageuki mwenyewe. Akigeuka bila kuambiwa, ni kama amemfukuza mgeni. Mgeni ndiye husimama, akashukuru, akasema inatosha, mzee wangu, rudi sasa. Mpaka aseme hivyo, mwenyeji anatembea. Hayo yako kwetu na yako kwao Fizi pia, nami nilijiambia kwamba nisipomwambia arudi, mzee huyu hana pa kukimbilia, atanisikiliza tu.

"Bon," akasema Papa Faida nilipoaga, akivaa viatu vyake vyeusi vya kanisani. "Nikusindikize kidogo. Gari umeacha wapi?"

"Kule uwanjani, Papa."

Kulikuwa na njia ya mkato ya kufika uwanjani, fupi kabisa. Yeye akaelekea huko. Mimi nikashika ile ya bondeni, ndefu, nikijifanya sijui. Akasimama kidogo, akanitazama, kisha akanifuata.

Tuliteremka kwenye mialoni. Tulipofika chini penye kivuli, nikapiga moyo konde.

"Papa, kuna neno moja ambalo nimekuwa..."

"Ah! Unaona ule ndege?" akanikata. "Mwekundu, pale juu. Kwetu hakuna wa vile."

Tulimtazama yule ndege mpaka akaruka. Tukaendelea. Karibu na daraja nikajaribu tena, na safari hii nilifika mpaka kwenye jina la Faida, ndipo akanishika mkono na kunionyesha bata bukini waliokuwa wakivuka njia na vifaranga vyao. Akaanza kunieleza malezi ya bata. Huenda angeeleza mpaka jioni, lakini bata dume hakupenda kuzungumziwa, akanyoosha shingo, akatujia akizomea. Mwanangu, mimi nilikuwa kijana na mzee alikuwa na viatu vya kanisani, lakini alinipita. Tulisimama mbali sana na daraja, tukihema, tukacheka pamoja. Nikaona hapo ndipo, sasa moyo wake umefunguka. Nikafungua mdomo.

"Mungu ni mkubwa," akasema haraka, akaendelea kutembea.

Tukatokea uwanjani. Gari langu lilikuwa mbele yetu, na ule mlango mwekundu ukiwaka jua. Hapo adabu ilinitaka nisimame, nishukuru, nimwambie arudi. Ningemwambia hivyo, angerudi kwenye maboksi yake, na Faida angekwenda Iowa. Kwa hiyo nililipita gari langu mwenyewe. Nilitazama upande wa pili kabisa, upande wa vishamba, nikasifu lengalenga. Papa Faida aliligeukia gari, akanigeukia mimi, akaligeukia tena gari. Kisha akaanza kunieleza jinsi lengalenga inavyopandwa.

Kwenye benchi la pale uwanjani alikuwa ameketi mzee mmoja wa Kizungu mwenye kofia, na mbwa wake mnene amelala miguuni. Huyo baadaye tulimjua kwa jina la Bwana Arne. Alitusalimia, akasema jioni ni nzuri. Tukakubali kwamba ni nzuri.

Baada ya mwendo mfupi tukawa tumefika nyuma ya majengo, mbele ya mlango wa nyumba ya Papa Faida. Sasa zamu ya aibu ikawa yake. Mzee alikuwa amefika kwake. Funguo zilikuwa mfukoni, kiti kilikuwa ndani. Lakini mgeni wake hajaondoka, hajashukuru, hajamwambia arudi. Angeingiaje? Aliutazama mlango, akavuta pumzi, akaupita. Mama Faida alikuwa dirishani juu, nami nilimwona akimwita Faida aje aone.

Ndivyo tulivyoanza kuzunguka. Yeye anapita mlango wake, mimi napita gari langu, kila mmoja kwa heshima ya mwenzake. Nikisema "Papa," yeye anasema mti, daraja, wingu. Mzee alikuwa na macho ya ajabu. Hakuna kitu katika bonde lile ambacho hakukiona siku ile. Wale bata tuliwapitia mbali. Bwana Arne alitusifu kwa mazoezi tulipopita mara ya pili, na tulipopita tena akavua kofia kabisa. Msichana mmoja aliyekuwa akikimbia alitupungia akatuambia tusikate tamaa. Mimi nilikuwa nimekwisha kata tamaa. Jua lilikuwa linashuka, shati langu limelowa mgongoni, na nilianza kuamini kwamba mzee huyu hanitaki, ananichosha tu ili niondoke mwenyewe. Niliumia sana, nakwambia kweli. Niliona bora aniambie hapana mara moja kuliko kunionyesha ndege.

Tulipofika tena kwenye benchi, Papa Faida akaanza kuchechemea. Akaomba radhi kwa Bwana Arne kwa ishara ya mkono, akaketi kando yake, akavua kiatu kimoja. Kisigino kilikuwa chekundu na soksi imegandamana. Nilipoona vile, aibu na hasira vikanipanda pamoja, na nikaropoka.

"Papa, mimi sitaki tena habari za ndege. Mimi namtaka..."

"Tss!" Akaziba masikio yote mawili, kiatu kikiwa bado mkononi, ikawa sikio moja limezibwa kwa kiatu. "Non! Nyamaza! Nyamaza, mtoto!"

Mbwa akaamka.

Papa Faida akashusha mikono polepole. "Weye ulizaliwa na watu ama uliokotwa?" akaniuliza, na sauti yake ya upole ilikuwa imekwisha. "Toka saa ile niko napigana na mdomo wako. Nakuonyesha ndege, nakuonyesha bata, nataka kulia. Hiyo maneno haisemwi na mwenyewe! Kwetu kijana anatuma mtu, mtu mzima, anakuja kumsemea. Mwenyewe akija na mdomo wake, ni dharau, na baba hana njia, inabidi akatae. Akishakataa, imekufa. Donc, weye ungesema pale kwenye mti, miye ningekataa pale kwenye mti. Nimekukimbia mguu mpaka damu, ili nisikukatae!"

Mzee niliyedhani ananifukuza ndiye aliyekuwa akininusuru, mzunguko baada ya mzunguko, na mimi nilikuwa nikimfuata nyuma na ulimi wangu kama kisu. Hata sisi Kisii desturi hiyo tunayo. Niliijua tangu utoto. Niliiacha kwa sababu Mogaka alisema hapa ni majuu.

"Basi nisamehe, Papa," nikasema. "Nitatuma mtu. Lakini wazee wangu wako mbali, na gari lenu linakuja wiki ijayo."

"Na miye nafanya nini? Tafuta mtu. Mtu mzima, mwenye mvi, anayeweza kukaa chini na kuongea bila haraka. Hata leo."

Nilitazama uwanja mzima. Kulikuwa na watoto, kulikuwa na vijana waliolala kwenye majani, kulikuwa na mwanamke aliyekuwa akimlisha mtoto. Kisha mimi na Papa Faida, kwa wakati mmoja, tukageuza vichwa tukamtazama Bwana Arne.

Yeye alikuwa akitutazama muda wote huo kwa wasiwasi, na alikuwa ameshamtolea Papa Faida kitambaa cha kufunga kisigino. Nikamweleza kwa Kiingereza, nikikosa maneno na kuyatafuta: kwamba huyu ni baba wa msichana ninayempenda, kwamba kwetu kijana hajisemei, kwamba natafuta mtu mzima wa kunisemea, kwamba tumezunguka kwa sababu hiyo. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliniuliza kama msichana mwenyewe anataka. Nikamwambia anataka. Akaniuliza ninafanya kazi gani, na kama ninakunywa, na kama mama yangu yu hai na anajua. Nilijibu yote. Akaniuliza kama nitamheshimu huyu mzee siku zake zote. Nikasema ndiyo.

Basi Bwana Arne akasimama. Akanipa kamba ya mbwa nishike. Akavua kofia, akaishika kifuani, akasimama mbele ya Papa Faida aliyeketi na mguu mmoja bila kiatu, akaanza kusema kwa Kiingereza chake cha taratibu. Papa Faida akanigeukia.

"Anasema nini?"

Sasa fikiria mwenyewe. Mkalimani alikuwa nani? Alikuwa mimi.

"Anasema," nikaanza, nikitazama chini, "anasema kuna kijana ametumwa... amemtuma... kwamba kuna kijana anampenda binti yako, na anaomba kwa heshima umfikirie."

"Ehe."

"Anasema hajamjua kijana huyo kwa muda mrefu, lakini amemwona leo akitembea na mzee, na hakumwacha nyuma."

"Ehe. Vizuri."

"Anasema pia kijana huyo ni mchapakazi, mcha Mungu, hana makuu, na sura yake si mbaya."

Papa Faida akaniinulia nyusi. "Huyu Mzungu amesema maneno matatu. Hayo mengine yametoka wapi?"

Bwana Arne akauliza kuna nini, nikamwambia mambo yanakwenda vizuri. Mbwa akaketi juu ya kiatu changu.

Papa Faida alikiweka kile kiatu juu ya magoti yake, akakifuta vumbi kwa kiganja, akafuta tena mahali ambapo hapakuwa na vumbi. Nilidhani anatafuta maneno ya kukataa. Aliponyanyua uso, macho yake yalikuwa na machozi.

"Mwambie huyu mzee," akasema, na sasa alikuwa akizungumza na Bwana Arne, hakunitazama mimi, "mwambie hivi. Toka nishuke kwenye ndege, watu wa hapa wananipa. Walinipa koti. Walinipa kitanda. Walinipa sahani, walinipa shuka, walinipa karatasi za kuweka sahihi. Watu wazuri, Mungu awabariki. Na kule kambini ilikuwa vile vile, miaka yote, unapanga mstari, unapewa. Lakini hakuna mtu hata mmoja alikuja kuniomba kitu. Hata kimoja. Nilianza kuwaza, labda miye sina kitu tena ambacho mtu anaweza kukitaka. Leo nimeombwa. Mwambie nimesikia."

Nilijaribu kuyageuza maneno hayo kwa Kiingereza. Nilifika kwenye koti na kitanda, nikafika kambini, na hapo ikabidi nianze upya. Bwana Arne alisikiliza mpaka mwisho, akaketi tena, akavua miwani na kuifuta kwa ncha ya shati. Akasema tangu mkewe afariki, watoto wake humletea chakula kila Jumapili, wamemnunulia televisheni kubwa, wamemnunulia na huyu mbwa. Akasema hata yeye alikuwa amesahau inavyokuwa mtu akikuomba jambo. Papa Faida hakuhitaji tafsiri. Akampiga bega. Wakakaa hivyo, wazee wawili, nami nimesimama mbele yao nimeshika mbwa.

Ndipo nikasema yale niliyopaswa kuyasema saa nyingi kabla. "Inatosha, Papa. Rudi sasa."

"Sasa nirudi na mguu gani?" akajibu. Nikamrudisha kwa gari.

Mama Faida alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. Alitueleza kwamba chakula kimepashwa moto mpaka kimekuwa dawa, kwamba majirani wamemuuliza kama mumewe amepotea, na kwamba yeye alikuwa akituona tukipita kama watu wanaotafuta ng'ombe. Faida alikuwa nyuma yake. Alitazama uso wa baba yake, akatazama mguu wake, akanitazama mimi, akaingia ndani na nikasikia maboksi yakifunguliwa.

Wazee wa kweli walifika wiki iliyofuata: Wakisii wanne wenye makoti, waliotoka miji ya mbali kuja kufanya mapatano yote, na Mogaka nyuma yao, kimya kuliko nilivyowahi kumwona. Mjomba wake Faida alikwenda Iowa bila Faida na wazazi wake. Siku ya harusi Bwana Arne alikaa kiti cha mshenga, akapewa mguu wa mbuzi kama desturi inavyotaka, na kwa kuwa hakujua afanye nini nao, akaushika mapajani muda wote wa hotuba, mbwa akimtazama.

Sasa, mwanangu, nikwambie neno lililonifanya nikuketishe hapa. Najua mnawapenda wazee wenu. Mnawapa viti vya mbele, mnawapa sahani kwanza, mnawawekea dawa kwenye vikasha vya siku, mnawanunulia simu mpya ambazo hawazitaki. Hayo ni mema, msiache. Lakini mkishawapa mnakwenda zenu, na mzee anabaki ameshiba, amevikwa, na hakuna anayehitaji chochote kutoka kwake. Usimfanyie mtu hivyo. Mwombe. Mwombe akufundishe kupika sombe isiyo na uchungu. Mwombe akusemee mahali penye neno zito, hata kama ungeweza kusema mwenyewe. Mwombe jina la kumpa mtoto. Mwombe radhi, mwombe shauri, mwombe akusindikize, na akikusindikiza nenda naye pole pole, usitazame saa. Na jambo lililo kubwa kwako usilibebe peke yako mdomoni kwa sababu mtu fulani amekuambia hapa ni majuu. Watu wa kukubebea wapo hata hapa, na wengine hujawajua bado.

Mungu akupe mwenzi wa kukukanyaga mguu chini ya meza unapochelewa kusema. Akupe wazee wenye subira, na uwe na subira nao. Nawe uzeeke, mwanangu, uzeeke kabisa, na siku hiyo wasikose watu wa kukupa. Lakini zaidi ya hao, aje mtu mmoja mwenye haya usoni, asimame mbele yako, akuombe kitu ambacho ni wewe tu unaweza kukitoa.